Effe: jarida lililokataa bosi, chini ya sheria iliyodai jina la bosi

Mwitaliano akitaja herufi F husema "effe". Ulimi wake, kama wa Mswahili, haupendi neno liishie hewani. Lazima apachike irabu mwishoni. Februari 1973 herufi hiyo ilitokea kwenye vibanda vya magazeti ikiwa jina la jarida. F ya femmina, mwanamke. F ya femminismo, harakati zilizokuwa zimeanza kuwasumbua akina baba, mapadri na wanasiasa wa mrengo wa kulia na wa kushoto kwa kipimo kinachokaribia kulingana. Toleo lenyewe lilikuwa namba sifuri, lile la majaribio ambalo wachapishaji wa Italia hulitoa kuonja maji kabla ya kuingia mtoni. Matoleo ya kila mwezi yalianza Novemba mwaka huohuo, na la mwisho likatoka Desemba 1982.

Miaka isiyotimia 10 ni maisha mafupi? Inategemea unalipima na nani. Noi Donne, gazeti la umoja wa wanawake uliokuwa karibu na chama cha kikomunisti, lilianza kusambazwa kwa siri wakati wa vita, na miaka ya 1980 ilipofika bado lilikuwa likiuzwa. Ukilipima Effe na hilo, lilikufa kijana. Lakini ukiliweka kando ya magazeti ya wenzake wa harakati, ambayo mengi yalitoka mara moja, mara mbili, kisha kimya, Effe ni mzee wa kijiji.

Kinachonishangaza ni wakati lilipokufa. Kati ya 1970 na 1981 Italia ilibadilisha sheria za ndoa, talaka, uzazi wa mpango, utoaji mimba na mauaji ya "heshima". Karibu kila jambo ambalo wanawake wale walikuwa wakilipigia kelele liliingia katika vitabu vya sheria. Halafu, mwaka mmoja na ushei baada ya ushindi wa mwisho, jarida likafungwa. Wengi hueleza kwamba lilikufa kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha. Mimi maelezo hayo siyakubali, na ili nieleze kwa nini, inabidi tuanzie kibandani.

Kibanda cha magazeti cha Italia, edicola, ni kama duka la mtaani. Yumo muuzaji anayewajua wateja kwa majina, na magazeti yamepangwa kwa safu na mengine kuning'inizwa kwa vibanio. Upande wa wanawake, mwaka 1973, ungekuta Grazia, lililokuwapo tangu 1938, na Amica, lililozaliwa 1962. Ungekuta pia zile hadithi za mapenzi za picha, ambamo mashavu ya msichana yanalowa machozi ukurasa wa tatu na harusi inafungwa ukurasa wa mwisho. Mitindo ya nguo, mapishi, jinsi ya kuondoa doa la mvinyo kwenye kitambaa cha meza. Nao ukurasa wa barua ulikuwapo: wasichana wakiuliza kama ni dhambi kumbusu mchumba, wake wakiuliza wavumilie mpaka lini.

Gabriella Parca, mmoja wa walioanzisha Effe, barua hizo alizijua vizuri kuliko karibu mtu yeyote nchini. Mwaka 1959 alikuwa ametoa kitabu kizima kilichojengwa juu ya barua ambazo wanawake waliyaandikia magazeti ya hadithi za picha, na kitabu kikatikisa nchi kwa kuonyesha tu kilichokuwa ndani ya bahasha. Basi wazo la Effe lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulitenda: kuweka kwenye kibanda kilekile, kando ya magazeti yaleyale, jarida ambalo halitamjibu msichana kwamba avumilie.

Na kuvumilia kulikuwa na maana ya kisheria. Kanuni ya Adhabu iliyokuwa ikitumika ni ile ya 1930, inayojulikana kwa jina la Rocco, waziri wa sheria wa Mussolini. Ufashisti ulianguka, Katiba mpya ya 1948 ikatamka usawa wa raia bila kujali jinsia, lakini kanuni ile ikabaki mezani pa hakimu. Humo, kutoa mimba kulikuwa kosa dhidi ya "uzima na afya ya nasaba", yaani aliyekosewa kisheria alikuwa taifa na kizazi chake. Mwanamke aliyetoa mimba alikabiliwa na kifungo cha miaka 2 hadi 5. Mwanamume aliyemuua mke, binti au dada yake kwa hasira ya kumkuta katika uhusiano wa haramu alipewa miaka 3 hadi 7, kwa sababu heshima yake ilikuwa imeguswa. Aliyembaka msichana akamuoa, kosa lilifutika. Mwishoni mwa 1965, huko Alcamo, Sicilia, Franca Viola mwenye umri wa miaka 17 alitekwa na kubakwa na kijana aliyetegemea ndoa hiyo ya kufunika aibu. Akakataa kuolewa naye, baba yake akasimama upande wake, kijana akafungwa, na nchi nzima ikazungumza. Kifungu chenyewe hakikufutwa. Kilikaa kitabuni miaka mingine 15.

Hata kuelezea hadharani njia za kuzuia mimba kulikuwa kosa la jinai mpaka Mahakama ya Katiba ilipokifuta kifungu hicho mwaka 1971. Ndani ya nyumba, mume ndiye aliyekuwa mkuu wa familia kisheria na ndiye aliyeamua familia iishi wapi, hadi mageuzi ya 1975.

Hayo ni ya upande wa dola. Upande wa harakati nao ulikuwa na tata zake, na hapa ndipo msomaji asiyeijua Italia hupotea kwa urahisi.

Ufeministi wa Italia wa miaka ile haukuwa chama. Hakukuwa na kadi, mwenyekiti wala makao makuu. Vilikuwa vikundi vidogo vilivyokutana sebuleni kwa mtu. Walikiita kitu chao autocoscienza: wanawake wanakaa duara, kila mmoja anasimulia maisha yake mwenyewe, wengine wanasikiliza na kutambua kwamba kile alichodhani ni balaa lake peke yake ni mpangilio wa watu wengi. Hakuna mtaalamu anayewaongoza na hakuna anayezungumza kwa niaba ya mwingine. Ukitumwa kuwawakilisha wenzako mahali, tayari umeanza kuwa bosi.

Kundi lililolisema hili kwa ukali zaidi lilikuwa Rivolta Femminile la Carla Lonzi, mhakiki wa sanaa aliyeiacha kazi yake hiyo. Julai 1970 walibandika ilani yao kwenye kuta za Roma, na sentensi yake ya mwisho ilisema kwamba wao wanawasiliana na wanawake peke yao. Wakaanzisha uchapishaji wao mdogo wa vitabu. Waandishi wa habari hawakuwa na nafasi hapo.

Sasa weka sentensi hiyo kando ya kibanda cha magazeti. Kibandani anafika kila mtu. Anafika mama wa nyumbani kununua jarida lenye hadithi ya mapenzi, na nyuma yake amesimama mwanamume aliyefuata La Gazzetta dello Sport, ambaye naye ana haki ya kutoa lira zake na kuondoka na Effe kwapani. Kuingia kibandani kulikuwa kuamua kwamba unazungumza na watu usiowachagua. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza walikuwapo wanawake wa harakati waliolitazama Effe kwa jicho la pembeni: hawa ni wenzetu au ni waandishi wa habari wanaotuuza?

Swali halikuwa la uzushi. Ndani ya jarida walikuwamo waandishi wa kazi hiyo hasa. Adele Cambria, mzaliwa wa Reggio Calabria, alikuwa ameandikia magazeti makubwa na kuonekana katika filamu za Pasolini, mshairi na mwongozaji mashuhuri. Agnese De Donato alikuwa mpiga picha ambaye tangu 1957 aliendesha duka la vitabu huko via Ripetta, Roma, walikokusanyika wachoraji na washairi. Walikuwapo Daniela Colombo na Grazia Francescato. Alma Sabatini, aliyeongoza moja ya mashirika ya mwanzo ya ukombozi wa wanawake nchini, aliandika humo. Mchapishaji wa mwanzo alikuwa Dedalo, nyumba ya vitabu ya mjini Bari, kusini kabisa, mbali na wakubwa wa Milano. Mtu wa harakati anaweza kukaa miezi mitatu akiipima sentensi moja katika duara la wenzake; mwandishi ana tarehe ya kupeleka kurasa kiwandani. Effe liliishi katikati ya saa hizo mbili, na ugomvi wake mwingi unaeleweka ukilikumbuka hilo tu.

Tuje kwenye sheria ya magazeti, maana ndiko kulikofichwa fundo lenyewe.

Katiba ya Italia, kifungu cha 21, inasema magazeti hayahitaji kibali. Maneno mazuri. Lakini sheria namba 47 ya Februari 1948 inasema kila gazeti litokalo kwa vipindi lazima lisajiliwe katika mahakama ya eneo lake, na ili lisajiliwe lazima liwe na direttore responsabile. Tumwite mhariri mwajibikaji. Ni mtu mmoja, mwenye jina, ambaye akitokea wa kukashifiwa, au mwendesha mashtaka akaona kosa, ndiye anayeitwa kizimbani kwa kutolizuia lisichapishwe. Sheria ya 1963 iliyounda chama rasmi cha wanahabari ikaongeza kwamba mtu huyo awe ameandikishwa humo. Ukichapisha gazeti bila kusajili, hilo ni gazeti la siri, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka miwili.

Kwa hiyo dola haikuhitaji kusoma kurasa zako kabla. Ilihitaji kujua shingo ya nani ipo.

Vikundi vya kisiasa vya miaka ile vilikuwa na mbinu mbili za kulikwepa hilo. Ya kwanza ni kuandika kwenye jalada "toleo la pekee, likisubiri kibali", kana kwamba hakutakuwa na la pili. Ndiyo maana ukipekua makabati ya kumbukumbu ya harakati za Italia unakutana na matoleo ya pekee manne au matano ya gazeti lilelile. Ya pili ni kuazima jina. Mtu maarufu aliyeandikishwa katika chama cha wanahabari alikubali kuwa mhariri mwajibikaji wa gazeti ambalo hakuliandika, ili vijana waweze kuchapisha. Pasolini aliliazima jina lake kwa Lotta Continua, gazeti la kundi la jina hilohilo la mrengo mkali wa kushoto, ambalo hata hakukubaliana nalo katika mengi. Adele Cambria naye aliwahi kulisainia gazeti hilohilo. Baadaye, katika siku za mwanzo za Effe, jina lake likawa tena kwenye nafasi hiyo, safari hii kwa jarida lake mwenyewe.

Ili uone uzito wake, tuseme hivi. Inafika barua ya msomaji. Anasimulia jinsi alivyotoa mimba kwa siri kwa daktari bingwa mwenye sifa mjini, aliyemtoza fedha za kuruka, na ambaye kanisani na bungeni anajulikana kwa kulaani utoaji mimba. Waitaliano walikuwa na jina la madaktari wa aina hiyo: cucchiai d'oro, vijiko vya dhahabu. Asiyekuwa na fedha za kijiko cha dhahabu alikwenda kwa mkunga wa uchochoroni. Msomaji amemtaja daktari kwa jina. Wanawake 20 wamekaa duara, moshi wa sigara umejaa chumba, na wote wanasema ichapishwe kama ilivyo, kwani kumhariri mwanamke anayesimulia maisha yake ni kumnyamazisha mara ya pili. Uamuzi ni wa wote. Lakini daktari akienda mahakamani, hati ya mashtaka haitaandikwa "wanawake 20 waliokaa duara". Itaandikwa jina moja. Huyo mwenye jina, akiwa na mtoto nyumbani na mkopo benki, akisema "jamani, tuondoe jina la daktari", je, anatoa maoni yake kama mwenzao au ameshakuwa bosi?

Hakuna ilani inayoweza kulifungua fundo hilo. Kundi linakataa ngazi, sheria inaisimika ngazi katikati ya chumba, na mmoja lazima apande. Mwenye dhamana anapata neno la mwisho hata asipolitaka. Jarida jingine la Roma, Differenze, lililoanza 1976, lilijaribu njia ya akili: kila toleo likatengenezwa na kikundi tofauti cha wanawake wa mji huo, zamu kwa zamu, ili pasiwe na ofisi ya kudumu wala mtu wa kudumu. Likatoa matoleo machache kwa miaka sita. Effe lilichagua kubaki la kila mwezi, na baadaye likaachana na Dedalo likajiendesha lenyewe kwa njia ya ushirika. Uhuru ulipatikana. Na ule mzigo ambao mchapishaji alikuwa akiubeba, wa karatasi, kiwanda na wasambazaji, ukahamia mabegani mwa wanawake wenyewe.

Biashara ya kibanda ina ukatili ambao msomaji haoni. Italia ina maelfu ya vibanda kutoka Alps hadi Sicilia. Ukitaka mtu aliyeko kijijini akuone, lazima upeleke nakala hata mahali ambapo labda itauzwa moja. Nakala zisizouzwa zinarudi, na gharama ya kuzichapisha imeshatoka mfukoni mwako. Msambazaji anachukua fungu lake, mwenye kibanda fungu lake, na zako zinafika baada ya wengine kushiba. Magazeti makubwa ya wanawake hayakuishi kwa bei ya jaladani; yaliishi kwa matangazo ya sabuni, krimu na soksi ndefu. Jarida ambalo mwezi huu limechambua jinsi biashara ya krimu inavyowafanya wanawake wauchukie uso wao haliwezi mwezi ujao kubisha hodi kwa mwenye kiwanda cha krimu. Kilichobaki ni wasomaji, waliolipa kwa nakala au kwa mwaka.

Na kilibaki kingine, nitakirudia.

Miaka yenyewe ilikwenda kwa kasi. Juni 1973, kati ya namba sifuri na toleo la kwanza la kawaida, Gigliola Pierobon alifikishwa mahakamani Padova kwa kutoa mimba alipokuwa binti mdogo, na wanawake wakaigeuza kesi kuwa mashtaka dhidi ya sheria yenyewe. Mei 1974 Wakatoliki wahafidhina waliitisha kura ya maoni ili kuifuta sheria ya talaka ya 1970, wakashindwa: asilimia 59 ya wapiga kura walitaka talaka ibaki. Mwaka 1975 zikaja sheria mpya ya familia na vituo vya umma vya ushauri wa uzazi. Desemba mwaka huo wanawake waliandamana Roma peke yao, na baadhi ya wanaume wa Lotta Continua, wale wanaojiita wanamapinduzi, wakaingia kwa nguvu katika maandamano na kuwapiga. Nadhani siku ile iliwafundisha wanawake wa mrengo wa kushoto zaidi ya vitabu vyote. Mwaka mmoja haukupita Lotta Continua ikasambaratika katika mkutano wake wa Rimini, na ghadhabu ya wanawake ilikuwa sehemu ya sababu.

Sheria namba 194, iliyoruhusu utoaji mimba katika siku 90 za mwanzo, ilipita tarehe 22 Mei 1978. Tarehe hiyo uisome pamoja na nyingine: maiti ya Aldo Moro, kiongozi wa chama tawala aliyetekwa na Brigedi Nyekundu, kundi la kigaidi la mrengo wa kushoto, ilikuwa imepatikana ndani ya gari tarehe 9 Mei. Siku 13 tu. Wanawake walipata sheria waliyoipigania katikati ya nchi iliyojaa vizuizi vya polisi, na sheria yenyewe ikaja na mlango wa kutokea kwa daktari asiyetaka kuitekeleza kwa sababu ya dhamiri. Wengi waliutumia. Januari 1979 mafashisti waliingia Radio Città Futura mjini Roma wakati wa kipindi cha wanawake, wakawafyatulia risasi wanawake watano waliokuwamo. Walinusurika.

Hapa nisimame kidogo kwa Alma Sabatini, maana ana jambo linalomhusu anayesoma Kiswahili. Mwaka 1987 ofisi ya waziri mkuu ilichapisha utafiti wake kuhusu ubaguzi wa kijinsia katika lugha ya Kiitaliano. Sisi tunasema "waziri", "mhariri", "mwanasheria", na nomino haijui kama anayetajwa amevaa suti au gauni. Ngeli yetu inatofautisha mtu na kitu, basi. Kiitaliano kinagawa kila nomino mafungu mawili, na kazi za heshima ziliwekwa katika umbo la kiume. Hata ile cheo ya kisheria, direttore responsabile, ni ya kiume. Mwanamke akikalia kiti, aitwe direttore kama mwanamume, au direttrice, ambalo kwa masikio ya wengi lilikuwa la mwalimu mkuu wa shule ya msingi? Mapendekezo ya Sabatini yalichekwa magazetini. Leo magazeti mengi ya Italia yanaandika ministra na sindaca, ingawa mwaka 2022 Giorgia Meloni, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, alichagua kuitwa kwa umbo la kiume.

Turudi 1981. Mei 17 Waitaliano walipiga kura ya maoni juu ya sheria ya utoaji mimba, na asilimia 68 wakakataa pendekezo la kuifuta lililoungwa mkono na Kanisa. Agosti 5 Bunge likafuta kwa pamoja msamaha wa mauaji ya heshima na ndoa ya kufunika ubakaji, ile iliyomtesa Franca Viola. Tarehe hiyohiyo, Agosti 5, ndiyo ya sheria nyingine, namba 416, ya kuyapa magazeti misaada ya serikali na kuyataka yawe na hesabu na usajili wa kampuni zinazoeleweka.  Moja ilikuwa jibu kwa kila lililoandikwa na Effe. Ya pili ilizungumza na watu wenye mhasibu.

Kwa kipindi kilichofuata Waitaliano wana neno riflusso. Kwa bahati Kiswahili cha pwani kinalo hilohilo bila kuhangaika: maji kupwa. Baada ya mabomu, utekaji na magereza, watu walirudi majumbani. Viwanja vikabaki vitupu. Differenze lilikoma 1982. L'Orsa minore, jarida la wanawake lililoanza Roma 1981 likiwa na Rossana Rossanda, mwandishi wa mrengo wa kushoto, miongoni mwa wahariri, lilikwisha 1983. Effe lilifunga Desemba 1982. Ukitazama orodha hiyo unaweza kuridhika na maji kupwa kuwa ndilo jibu.

Lakini maji yakipwa, mtumbwi ulio na mwenyewe wa kuulinda hubaki ufukweni ukisubiri. DWF, jarida la utafiti wa wanawake lililozaliwa Roma mwaka 1975, lilivuka. Duka la vitabu la wanawake wa Milano, lililofunguliwa mwaka huohuo huko via Dogana, lilivuka. Hayo hayakulazimika kushindana kibandani kila mwezi. Effe lililazimika, na lilifanya hivyo kwa kile nilichosema nitakirudia: kazi isiyolipwa. Ushirika uliendeshwa kwa kujitolea. Wanawake wale walikuwa na kazi nyingine za mchana, na baada ya kazi hizo walikuwa na kazi za nyumbani, na baada ya hizo ndipo walipokutana kuandika, kusahihisha, kupanga kurasa, kufungasha nakala za waliolipia mwaka, kumpigia simu msambazaji asiyelipa. Zamu ya tatu.

Ukumbuke kwamba katika miaka hiyohiyo, Padova na Mestre, wanawake waliomzunguka Mariarosa Dalla Costa walikuwa wakidai mshahara kwa kazi za nyumbani. Hoja yao: uchumi wote umekaa juu ya kazi ambayo haiitwi kazi kwa sababu inasemekana hufanywa kwa mapenzi. Si wafeministi wote waliikubali dawa yao. Wapo walioona mshahara huo ungewafungia wanawake jikoni moja kwa moja. Utambuzi wa ugonjwa, hata hivyo, walikubaliana. Sasa litazame jarida lililoeneza utambuzi huo kila mwezi: lilitengenezwa kwa mapenzi. Unaweza kuishi hivyo ukiwa na miaka 28 na mitaa imejaa wenzako. Ukiwa na 37, mitaa mitupu, na aliyekuwa akifungasha nakala pamoja nawe amepata kazi televisheni, mapenzi yaleyale yanakuwa madai.

Ndiyo maana siamini kwamba Effe lilikufa kwa kukosa kazi. Kazi ilikuwapo tele. Waliokuwa tayari kuifanya bure ndio waliopungua, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuwalaumu. Wengine walikuwa wameshaanza kitu ambacho kingewalipa, au walau kingeweza kupata fedha kutoka mahali. Daniela Colombo aliasisi mwaka 1981 shirika la AIDOS, la wanawake wa Italia kwa ajili ya maendeleo, ambalo miongoni mwa kazi zake za mwanzo lilishirikiana na wanawake wa Somalia katika kampeni dhidi ya ukeketaji. Grazia Francescato akaenda kwenye mazingira, akaongoza WWF Italia na baadaye chama cha Kijani. Cambria aliendelea kuandika hadi uzeeni. Matoleo ya Effe yamewekwa mtandaoni, na ukiyafungua utaona barua za wasomaji bado zina joto.

Jambo moja kubwa halikuwa limeguswa jarida lilipofungwa. Ubakaji uliendelea kuhesabiwa katika sheria kuwa kosa dhidi ya maadili ya umma, kana kwamba aliyeumizwa ni mtaa. Wanawake walikuwa wamekusanya saini 300,000 kutaka libadilishwe na kupeleka muswada bungeni mwaka 1980, na ukawa unazunguka kutoka bunge hili hadi lile, serikali ikianguka nao unaanza upya. Ulipopita hatimaye, ubakaji ukawa kosa dhidi ya mtu, ilikuwa tarehe 15 Februari 1996. Namba sifuri ya Effe ilikuwa imetimiza miaka 23 mwezi huohuo.